Sufuria ya Shaba Getini

Mimi ni mtu wa adabu. Nalisema hili mwanzo kabisa, na silisemi kwa kujisifu, maana adabu hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mama yangu alitoka Unguja akaja Maskati na masanduku mawili na kanuni zisizohesabika, na nyingi kati ya hizo zilihusu kula. Kula mbele yako. Usichague nyama. Usitazame tonge la mwenzio. Na kubwa kuliko zote: ukiwa nyumba ya watu, nyanyuka mapema. Kwetu wanaume walipakuliwa mwanzo, na kilichobaki kwenye sinia ndicho kilichoingia ndani kwa wanawake na watoto. Kwa hivyo mgeni aliyekaa akakwangua mpaka chini, watoto wa mwenye nyumba ndio waliolala njaa. Nimewafunza wanangu hivyo hivyo. Siku moja nilimfinya paja mume wa binti yangu mbele ya watu, kwa sababu wenziwe walishanawa na yeye bado anatafuta mbavu kwenye wali. Mpaka leo akila na mimi hukaa mbali.

Rafiki yangu alikuwa Mkashmiri. Alikuwa na duka la vilemba na mashali mtaa wa Hamriya, duka jembamba, refu, ukiingia unasikia harufu ya sufu na mbao. Vilemba vyangu vyote vya Idi nilivinunua kwake. Alikuwa na kipande cha kitambaa magotini kila wakati, anatia darizi hata akizungumza, na hakuwa akitazama sindano. Kiswahili chake alikiokota kwa wateja wetu, watu wa Unguja na Pemba na Mrima, na kilimtosha kuuza, kutania na kusikitika. Mimi aliniita shekhe, ingawa elimu yangu ya dini haizidi ya mtu mwingine yeyote aliyechapwa chuoni.

Nilipostaafu kazi ya serikali, kila Jumatatu baada ya laasiri nilikwenda kukaa kwake. Alinipa chai ya kwao, ya rangi ya waridi, ya maziwa, na ya chumvi. Chai ya chumvi! Siku ya kwanza nilidhani amekosea mkebe. Kwa ile adabu yangu nikanyamaza, nikainywa yote, naye alipoona nimemaliza akanijazia tena. Kikombe cha pili nilikinywa kama dawa ya minyoo. Ilipofika wiki ya tano nikawa nikikosa chai ile siku yangu haijakamilika.

Baba yake alikuwa mpishi wa harusi. Kwao hiyo ni kazi ya ukoo, mtoto huirithi kama wengine wanavyorithi shamba, na karamu yao wanaiita wazwani. Yeye mwenyewe aliikimbia kazi hiyo akaingia kwenye mashali, lakini maneno yake yote yaliishia kwenye masufuria ya baba yake. Alinieleza namna watu wanne wanavyokaa sinia moja, si watatu wala watano. Alinieleza namna nyama inavyowekwa juu ya jiwe ikapigwa kwa nyundo ya mti mpaka isibaki na uzi hata mmoja, na yeye akiwa mtoto alivyopigwa vidole kwa nyundo hiyo hiyo kila alipoacha uzi.

"Vyakula vingi, shekhe, vingi sana," alikuwa akisema. "Lakini ya mwisho, gushtaba, hiyo ya mwisho…"

Nami namkatiza. Sijui nilikuwa na nini. Nikishasikia mtu anasifu chakula cha kwao, roho yangu haitulii mpaka nimtie biriani ya mama yangu. Namwambia habari ya zabibu, ya vitunguu vya kukaanga, ya masufuria yaliyofunikwa kwa unga yakapaliliwa makaa juu. Yeye anatabasamu, anaifuata sindano yake, ananiachia niseme. Leo nina hakika alijaribu kunieleza mara tatu au nne. Niliijua gushtaba kwa jina tu, kuwa ni madonge makubwa ya nyama ndani ya mchuzi wa mtindi, na nikadhani nimeshaijua yote.

Binti yake alipopata mchumba, alikuja mwenyewe mpaka kwangu Ghubra kunialika.

"Wewe utakaa sinia yangu," aliniambia. "Sinia yetu watu wanne. Mimi, watoto wa dada yangu wawili, na kaka yangu. Kaka yangu mgonjwa, hawezi safari. Pahala pake ni pako."

Nilimwambia nimepata heshima kubwa. Nilikuwa namaanisha.

Harusi ilikuwa Ijumaa mchana, kwenye shamba la kukodi upande wa Kuriyati, kwa sababu mjini hakuna atakayekuruhusu kuwasha moto wa aina ile. Walichimba mfereji, wakapanga masufuria ya shaba juu yake safu nzima. Rafiki yangu alimleta mpishi mmoja kutoka kwao, lakini gushtaba alikataa isiguswe na mtu mwingine. Jiwe na nyundo alivichukua kutoka kwao kwenye mzigo wa ndege, na uwanjani walimtoa pembeni aeleze jiwe hilo ni la nini. Alinionesha vyote kabla ya sala. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, malengelenge yamepasuka, kwa sababu alianza kupiga tangu alfajiri.

"Mashine za kusagia zimejaa tele Hamriya," nilimtania. "Ungeniambia ningekuazima ya mke wangu."

"Mashine inakata, shekhe," alinijibu, anacheka. "Hii haikatwi. Hii inapigwa."

Baada ya sala tukakaa chini, kitambaa cheupe kimetandikwa mwanzo hadi mwisho. Likaja birika na beseni tukanawishwa hapo hapo tulipokaa, jambo lililonifurahisha, maana hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu zamani. Kisha ikaja sinia ya shaba imefunikwa kwa mfuniko wa kuba. Walipoufunua, kulikuwa na kilima cha wali, na juu yake kababu nne ndefu zimeugawa wali mafungu manne, kila mtu na fungu lake. Mbavu za kondoo zilizokaangwa. Kuku nusu mweupe, nusu wa zafarani. Nikadhani hicho ndicho chakula, kumbe huo ulikuwa mwanzo tu. Mpishi akawa anapita kwenye safu na sufuria moja baada ya nyingine, anateka, anatia: madonge mekundu, nyama ya giligilani, nyama ya maziwa, nyama ya pilipili iliyonitoa machozi. Kwao mwenye shughuli hakai, husimama akaangalia wageni, lakini rafiki yangu alikaa na mimi, na niliona jamaa zake wakitupa macho. Kila kilichokuwa kizuri alikisogeza upande wangu kwa ule mkono uliofungwa.

Nyuma ya pazia la turubai walikuwako wanawake. Nikamsikia mtoto analia, kisha mwingine. Nikayatazama masufuria, nikaona mengi yameshafika chini. Nikaitazama sinia yetu, bado ina nyama ya kuwalisha watu watano. Kichwani mwangu mama yangu akaamka. Watoto wanalia njaa huko ndani na weye umekaa kama umepandwa, nikamsikia anasema.

Nikasema Alhamdulillahi, kwa sauti, nikaanza kunyanyuka.

Rafiki yangu aliniwekea mkono gotini. "Shekhe, bado."

"Nimeshiba, ndugu yangu. Nimeshiba kabisa."

"Bado kidogo tu. Inakuja."

Kweli mpishi alikuwa anakuja, kwenye mwisho wa safu, na sufuria ya kitu cheupe. Nikasema hata tonge moja haliingii, nikajipiga tumbo watu wakacheka. Aliitazama ile sufuria. Akanitazama mimi. Akawaambia watoto wa dada yake maneno mawili kwa lugha yao, akawaonesha kwa mkono wakae, kisha naye akanyanyuka. Akalichukua birika mwenyewe, akaninawisha. Nakumbuka nilifikiri: huyu naye mtu wa adabu, hataki kuwa wa mwisho kutoa mkono kwenye sinia. Nikarudi Ghubra nimejaa furaha, nikamweleza mke wangu namna nilivyowaonesha watu ustaarabu.

Siku ya pili, Jumamosi, saa sita kasoro, kengele ikalia. Nilikuwa na fulana na kikoi tu. Nikafungua geti nikamkuta yeye, peke yake, ameshika sufuria ndogo ya shaba imefungwa kwa kitambaa safi, ameishika kwa mikono miwili.

Sina budi kusema nilichokihisi, kwa sababu nimejiahidi kuandika yote. Niliona vibaya. Kwetu chakula cha shughuli hupelekewa jirani siku ile ile, na moto wake. Cha siku ya pili ni kiporo, na kiporo humpa mtu wa kwako, humletei mgeni uliyemkalisha kwenye sinia yako. Nilijiambia, kumbe heshima yenyewe ilikuwa ya siku moja. Nikaipokea sufuria, nikamwambia ahsante, usingejisumbua.

Hakuondoka. Alisimama pale juani.

"Shekhe, umeshakula mchana?" aliniuliza.

"Bado, lakini mke wangu keshapika samaki."

"Aa," akasema. "Samaki. Samaki vizuri."

Aliitazama sufuria mikononi mwangu, akatazama nyuma yangu, barazani, ambako tumeweka viti na meza ndogo. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya geti. Halafu akaweka mkono kifuani, akaenda kwenye gari lake.

Jikoni mke wangu alipofungua kitambaa akanitolea macho. "Nnakwambia mapema, mafuta hayo yatakuua, weye na presha yako."

"Nani kasema nakula?" nikamjibu. Nikachungulia. Ndani ya ule mchuzi mweupe kulikuwa na madonge mawili, makubwa kama machungwa. "Harusi nzima ile, yamebaki mawili, akaniletea." Nikamwita dada anayetusaidia kazi za nyumbani, ni Mganda, nikamwambia achukue.

Jumatatu nikairudisha sufuria. Chombo cha mtu hakitoki kwangu kitupu, kwa hivyo niliijaza halua ya zafarani, ya bei. Alifunua, akashukuru, akaniwekea chai. Kisha, macho yake yako kwenye darizi, akaniuliza kama niliila.

"Niliila? Nimeimaliza yote!" nilimwambia. Nilitaka kumfurahisha, nikazidisha. "Peke yangu. Mke wangu hata hakuonja, nilikaa nikaila mpaka ya mwisho. Tamu kupita kiasi."

Sindano ilisimama. Katika miaka yote ile sikupata kuiona inasimama.

"Yote, peke yako," akasema. "Mashallah." Akageuka akaanza kukunja shali ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Baada ya hapo alikuwa yule yule na hakuwa yule yule. Chai alinipa. Alicheka panapostahiki. Lakini habari za baba yake na jiwe na nyundo hakuzisema tena, na mimi nilipomtia biriani ya mama yangu alinisikiliza kama anavyomsikiliza mteja. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilinuna. Nilijiambia kama amenichoka, na mimi nimemchoka. Jumatatu moja nikakosa, ya pili nikakosa, na kila niliyoikosa ikafanya inayofuata iwe nzito zaidi. Alinipigia simu Idi. Niliiona inalia mezani, nikaiacha, nikasema nitampigia nikipata nafasi. Nafasi nilikuwa nayo, sikuwa na kazi yoyote duniani.

Nilipokwenda Hamriya mwishowe, nilichokwenda kutafuta ni kilemba, au ndivyo nilivyojidanganya. Duka lilikuwa linauza makava ya simu. Muuzaji hakujua hili wala lile.

Mwaka na zaidi baadaye nilikuwa kwenye duka kubwa la vyakula karibu na kwetu Ghubra, nasukuma kigari, nikasikia mtu ananiita ami. Alikuwa yule bibi harusi, sasa ana mtoto mikononi. Kazaliwa hapa, Kiarabu chake ni kizuri kuliko changu, na kwa Kiarabu tulizungumza. Nikamuuliza habari za baba yake, nikiwa tayari nimeshatunga udhuru wa kumpelekea. Akaniambia amefariki majira ya baridi, huko kwao. Alirudi kwa yule kaka yake mgonjwa, akakaa naye mwaka mmoja, akatangulia yeye.

Tulikaa kwenye benchi karibu na mlango, pale wanapopanga maji. Nilisema maneno yanayosemwa.

"Nilikuwa nataka kukushukuru, ami," akasema. "Kwa siku ile uliyokula naye."

"Siku ya harusi?"

"Siku ya pili yake." Akamweka mtoto begani. "Harusini baba hakula gushtaba. Uliponyanyuka kabla haijafika, alinyanyuka na wewe. Kwetu gushtaba ndiyo mwisho wa karamu, ukiikataa ni kama umeikataa nyumba, na mtu mmoja akinyanyuka sinia nzima inanyanyuka. Watu wangekusema. Kwa hivyo akawaambia tumbo linamuuma, yeye ndiye aliyekuomba umsindikize. Wajomba walimcheka mpaka jioni, mtoto wa mpishi ameshindwa na chakula cha harusi ya binti yake."

Nilikivuta kigari changu karibu na magoti.

"Basi asubuhi nikamtilia kwenye sufuria mimi mwenyewe. Mawili, lake na lako. Hakunywa hata chai. Alisema anakwenda kula na wewe, mmalize mlichokiacha. Aliporudi nikamuuliza, akasema umemkalisha barazani, mmekula pamoja mpaka ya mwisho. Akasema, sasa harusi yako imekwisha vizuri." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa hajapiga ile nyama tangu ujana wake, na hakuipiga tena. Nimekuwa nikitaka kukuuliza. Ilikuwa nzuri?"

Mtoto alikuwa ananitazama. Watu walikuwa wanapita na vigari vyao. Ningeweza kumwambia kweli, na nilifungua mdomo nikaifikia kabisa. Lakini hayo ndiyo aliyoyataka baba yake yabaki, na mimi nani wa kuyavunja.

"Nzuri, mwanangu," nikasema. "Sijapata kula kitu kama kile."

Alifurahi. Alinishika mkono akaubusu kama wanavyobusu wazee wao, na mimi nikamwachia aubusu mkono ule. Sijapata kuona haya maishani mwangu kama nilivyoona pale, na nilizibeba mpaka nyumbani pamoja na mchele na maziwa.

Yule dada wa Uganda bado yuko kwetu. Nilimkuta chumba cha nyuma anapiga pasi kanzu zangu. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile sufuria ya shaba. Akaiweka pasi wima, amepata wasiwasi.

"Si ulinipa wewe mwenyewe, baba?"

"Nilikupa. Sikugombezi. Nataka kujua tu ilikuwaje."

Alifikiri. "Laini," akasema. "Ilikuwa nyama lakini haikutaka meno. Na mchuzi yake ilikuwa na uchachu kidogo, lakini ile nzuri. Nilimwita ule rafiki yangu Mkenya, wa hapo nyumba ya pili, tukakaa nyuma kwa ngazi. Tulicheka sana siku hiyo. Mpaka leo ananiuliza kama mtaleta ingine."

"Kwa nini ulimwita?" nilimuuliza. "Nilikupa zote wewe."

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Zilikuwa mbili, baba," akasema, akaichukua tena pasi.